Nani Astahili Kuitwa Mwalimu?

Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe, kama ilivyo kote nchini, wazazi wameuza mahindi gunia baada ya gunia, au wameweka akiba ya ujira wa mkonge, ili mtoto afike chuo kikuu. Mtoto amerudi na shahada yake, na kazi hakuna. Ndipo asikiapo, kwa rafiki au kwa mtu ajiitaye wakala, ya kuwa nchini China watu wengi wataka kujifunza Kiingereza, na mwalimu hulipwa vizuri. Habari hiyo si uongo mtupu. Lakini ndani yake mna swali ambalo yatupasa sisi Wakristo kulitazama sawasawa: ni kitu gani kimpacho mtu haki ya kusimama mbele ya watoto wa watu na kuitwa mwalimu?

Sheria ya China hudai kwa mwalimu mgeni wa Kiingereza mambo kadha wa kadha: shahada ya chuo kikuu, ama miaka miwili ya kazi, ama cheti cha kufundisha lugha hiyo kwa wageni, hati ya polisi ya mwenendo mwema, afya njema, na kibali cha kazi. Haya yote ni haki, wala hakuna mzazi ambaye angeyakataa. Lakini liko sharti jingine: Kiingereza kiwe lugha yake ya kuzaliwa. Nchi zihesabiwazo kwa kawaida ni Uingereza, Ireland, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Tena Julai 2021 serikali ya huko ilibana sana biashara ya masomo ya ziada, nafasi zikapungua.

Mlango ukiwa mwembamba, wako watobao ukuta. Mmoja hununua shahada. Mwingine huandikiwa miaka ya kazi asiyoifanya. Mwingine huingia kwa viza ya mwanafunzi, akafundisha kwa siri. Naye hujitetea akisema: “Kiingereza nakijua. Karatasi ni karatasi tu. Sheria yenyewe inanionea. Nimemdhulumu nani?” Hoja hii si ya kudharauliwa. Na tuijibu kwa haki.

Twakubali kwamba kuzaliwa na lugha si kipimo cha ualimu. Ushahidi tunao nyumbani. Watoto wengi wa Handeni walianza na Kizigua magotini pa bibi zao, wakakikuta Kiswahili shuleni na sokoni; hata hivyo wako miongoni mwao walimu hodari wa Kiswahili. Aliyeipata lugha kwa jasho ajua mahali mwanafunzi anapojikwaa. China yenyewe yashuhudia hayo: katika vyuo vya Beijing Kiswahili kimefundishwa tangu miaka ya 1960, tena na walimu Wachina ambao hawakuzaliwa nacho. Basi kijana wetu ana sababu ya kunung’unika.

Lakini kuonewa hakumpi mtu ruhusa ya kusema uongo. Auliza amemdhulumu nani? Amemdhulumu mzazi wa China alipaye ada akiamini hati aliyoonyeshwa. Amemdhulumu Mtanzania mwenzake ajaye kesho na cheti cha kweli, akatazamwa kwa shaka. Tukumbuke mwaka 2017, uhakiki wa serikali yetu ulipotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo wangapi wenye vyeti halali wameona aibu isiyo yao? Tena amejidhulumu mwenyewe, kwa maana afanyaye kazi kwa siri hana pa kushtaki akinyimwa mshahara. Na aogopaye mlango kubishwa atawezaje kumkemea mtoto aliyeiba jibu la mtihani? Amri ya Nane haikuwekewa mpaka wa nchi.

Labda mtu atasema: je, wale vijana wa miaka ya 1970? Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 taifa liliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha vijijini huku wenyewe wakijifunza ualimu. Wengi waliwacheka, wakiwaita walimu wa UPE. Lakini hapakuwa na hila. Mzazi alijua ni nani aliyesimama mbele ya mwanawe, na kijana alijua kilichompungukia. Upungufu uliokiriwa waweza kuponywa kwa mafunzo. Uliofichwa hauponi, bali huoza. Hapo ndipo ilipo tofauti.

Tumtazame pia Padre Matteo Ricci, Mjesuiti wa Italia. Alifika Macao mwaka 1582, akaingia Beijing kukaa mwaka 1601 tu. Miaka ile kumi na tisa hakuipoteza: alijifunza lugha na vitabu vya Wachina kama mtoto wa shule, na ndipo yeye na msomi Xu Guangqi wakaweza kutoa hisabati ya Euclid kwa Kichina mwaka 1607. Aliyetaka kufundisha alikubali kwanza kufundishwa. Desemba 2022 Papa Fransisko alizitambua fadhila zake za kishujaa.

Enyi wazazi, msiwasukume watoto wenu kwa mawakala kabla ya kuuliza: kibali ni cha kazi gani, na kimeandikwa jina la nani? Enyi vijana, iko milango ya haki. Baraza la Kiswahili la Taifa huendesha mafunzo kwa watakao kuwafundisha wageni lugha yetu, kwani hata hiyo haifundishwi kwa kuzaliwa nayo tu. Korogwe pana chuo cha ualimu. Na shule za vijiji vyetu zingali zinahitaji mwalimu mwema wa Kiingereza, ingawa mshahara wake ni mdogo.

Mtume Yakobo alionya kwamba walimu watahukumiwa kwa ukali zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikifika China. Mungu awajalie vijana wetu subira ya kuingia kwa mlango, na sisi wazazi subira ya kuwangoja.