MTOTO ASIYEITIKIA SALAMU: DENI NI LA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemwumba kila mtu kama alivyotaka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.



Ijumaa hii nataka kukuuliza swali moja. Mtoto akikaa mbele ya mwalimu na asijifunze, deni ni la nani? La mtoto au la mwalimu? Usinijibu kwa haraka. Mimi nimefundisha Kurani kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja tu: deni ni la mtoto. Fimbo ilikuwa karibu na goti langu. Leo nina mjukuu wa miaka minane, na huyo ndiye aliyenilazimisha kulirudia swali hili mwanzo.

Mjukuu wangu hasemi isipokuwa maneno machache, na mengi katika hayo ni ya kukurudishia. Ukimwuliza, "Umekula?" naye anakujibu, "Umekula?" Salamu haitikii. Machoni hakutazami. Wali ukigusana na sombe katika sahani moja, hali. Vifuniko vya chupa anavipanga mstari kutoka mlangoni mpaka chini ya mlimau, na ukiondoa kimoja tu, analia mpaka magharibi. Pikipiki ikipita anaziba masikio kama mtu aliyechomwa moto. Majirani walisema ana jini. Wengine walisema neno baya zaidi ya hilo. Na mimi mwenyewe, sitaficha, nilimsomea usiku baada ya usiku nikitaka kumtoa kitu kilichomwingia. Dua sijaacha wala sitaacha, maana ni silaha ya muumini. Lakini ilinichukua miaka kufahamu kwamba hakuna kilichomwingia. Yule niliyetaka kumfukuza ndiye mjukuu wangu mwenyewe.

Jambo hili lina jina. Kwa Kiswahili linaitwa usonji, na katika Kifaransa wanasema otisme. Mwaka 1943 daktari mmoja aitwaye Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa na hali hiyo. Jina ndilo jipya, watoto si wapya. Walikuwako kwa babu zetu vilevile. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 ilikuwa kama mtu 1 katika kila watu 127 ulimwenguni. Hesabu wewe mwenyewe waumini waliojaa msikitini leo pamoja na watoto wao nyumbani, utaona kwamba habari hii haiko mbali nawe.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama aliyelea vibaya. Haukuletwa na chanjo: yule daktari wa Uingereza aliyeandika hivyo mwaka 1998, jarida lililochapa maneno yake liliyafuta mwaka 2010. Mtoto huzaliwa na ubongo unaopokea sauti, mwanga na maneno kwa njia isiyo yetu. Hawafanani wote. Yuko asiyesema kabisa, na yuko anayesema sana juu ya jambo moja. Yuko anayehitaji kusaidiwa maisha yake yote, na yuko atakayeoa na kufanya kazi. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, lakini mtoto anayefundishwa mapema namna ya kueleza haja zake husaidika sana. Na mtoto asiyeitika, kwanza apelekwe hospitali masikio yake yapimwe, maana pengine hasikii.

Ndugu yangu, nimetaja neno baya zaidi ya jini. Unalijua. Katika nchi yetu ya Kongo watoto wametupwa njiani kwa sababu walisema ovyo usiku, au hawakusema kabisa, wakaitwa wachawi. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Lakini kabla ya sheria ya serikali, dini yetu inaita kitendo hicho buhtani. Utamjibu nini Mwenyezi Mungu, wewe uliyemshitaki mtu asiye na ulimi wa kujitetea?

Sasa nikueleze habari ya kompyuta, au ordinatere kama tunavyosema hapa kwetu. Mwanangu anayefanya kazi Bukavu aliniletea moja iliyokwisha tumika, ili niandikie hutuba na hesabu za madrasa. Tunaichaji kwa paneli ya sola. Intaneti haina, ila mwanangu alitia ndani yake usomaji wa Juzuu Amma wa polepole, na programu ya herufi: ukibonyeza alifu, mashine inasema alifu. Mjukuu wangu akaja akasimama nyuma ya bega langu. Siku ya tatu akaketi. Akabonyeza alifu, ikasema. Akabonyeza tena, ikasema. Nadhani siku ile aliibonyeza mara mia, na mara mia mashine ilimjibu kwa sauti ileile. Baada ya miezi kadhaa, asubuhi moja, nilimkuta amechutama penye majivu ya mekoni akiandika kwa kidole: alifu, be, te, mpaka ye. Hakuna hata moja aliyoisahau.

Nililia, na hayakuwa machozi ya furaha tupu. Nilimkumbuka mtoto mwingine. Zamani, chuoni kwangu, alikuwako mvulana asiyenitazama usoni, ambaye kila nililomwuliza alinirudishia. Nilidhani ananidhihaki. Nikampiga mbele ya wenzake, si siku moja. Baba yake akamwondoa. Leo ni mtu mzima, hajui kusoma, na vijana humcheka njiani. Wiki ile ya majivu nilikwenda kwa mama yake, ambaye sasa ni mzee, kuomba msamaha. Akanipa kiti, akanipa maji, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimekusamehe. Lakini yeye mpaka leo akifika penye chuo chako, anavuka barabara."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Mashine hii ina subira kuliko mimi." Naye akanijibu, "Mwalimu, haina subira. Haina hasira tu."

Tafakari maneno hayo, ndugu yangu, maana mimi sijamaliza kuyatafakari. Subira ni ya yule anayeweza kukasirika akajizuia. Mashine haijizuii kitu. Haichoki, kwa hiyo haina thawabu ya kuvumilia uchovu. Haijui kama mtoto ana njaa, au amelowa, au amefurahi. Kwa hiyo kuna hatari mbili mbele yetu. Ya kwanza ni ya anayesema kompyuta ni kitu cha shetani, akamnyima mtoto mlango ambao pengine ndio pekee uliofunguka kwake. Ya pili ni ya anayemwacha mtoto mbele ya kioo tangu asubuhi mpaka usiku kwa kuwa anapokuwa pale hasumbui. Hiyo ni raha yetu sisi, usiite elimu ya mtoto. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku mbele ya vioo hivi, na walio wadogo zaidi ya hapo, afadhali wasikae kabisa. Kwetu nyumbani mjukuu anakaa nayo baada ya alasiri, na daima yuko mtu ubavuni pake.

Pengine utasema, "Shehe, mimi sina kompyuta, wala sola." Sikiliza basi. Msimu wa mvua hata yangu huzimika siku nyingi. Ilipozimika nilijiuliza mashine ilifanya nini ambacho mimi sikufanya. Nikapata mambo manne. Ilisema jambo moja kwa wakati mmoja. Ilisema kwa maneno yaleyale kila siku. Haikupiga kelele. Na ilingoja mpaka mtoto awe tayari. Haya manne hayahitaji betri. Nilichukua ubao wa chuo, nikachora chakula, maji, choo na kulala, na sasa mjukuu anaweka kidole juu ya picha badala ya kulia. Na chuo cha wazee wetu kilikuwaje? Kila mtoto na ubao wake. Mmoja yuko katika herufi, mwingine Yasini, na hakuna aliyeambiwa amechelewa. Njia tulikuwa nayo. Tulitia fimbo juu yake.

Na dalili katika dini ziko wazi. Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Alimjia Mtume (s.a.w.) kutaka kufundishwa wakati Mtume alikuwa na wakubwa wa Makureshi, akageuziwa uso, na Mwenyezi Mungu akateremsha Surat Abasa kumwonya Mtume wake. Kipofu yule hakuona uso uliokunjwa, na bado Mola hakunyamaza. Baadaye akawa mwadhini pamoja na Bilali, na akaachiwa Madina mara kadhaa Mtume alipotoka. Tena Mtume (s.a.w.) alisalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake Umama; akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Nasi tunamfukuza mtoto msikitini kwa sababu amepunga mikono au amepaza sauti!

Kwa hiyo nakuomba mambo haya. Mtoto wa namna hii akija msikitini, mpe mahali palepale kila Ijumaa, pembeni, mbali na kipaza sauti. Usimshike kwa ghafla. Msalimie hata kama haitikii, maana salamu yako inaandikwa kwako. Mama yake usimtazame kwa jicho la lawama. Mpokee mtoto saa moja ili naye apumzike. Usimfunge kamba mtoto, usimnyime chakula, usimpeleke kwa anayechanja na kufukiza ili kutoa pepo. Walimu wa shule, tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za wenye ulemavu; msimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu hakai kitako. Na ninyi wa Kabambare mliopokea familia zilizokimbia vita vya upande wa Salamabila, angalieni kama kati yao yuko mtoto anayeziba masikio na kujificha. Msiseme ana adabu mbaya.

Nirudi kwenye swali langu. Dini yetu haimtwishi mtu mzigo asiouweza. Basi mtoto aliyepewa ubongo wa namna nyingine hadaiwi asichopewa. Mimi niliyepewa ulimi, akili na subira ya kuchagua, ndiye ninayedaiwa. Mjukuu wangu bado haitikii salamu, na sijui kama ataitikia. Lakini jana usiku, nilipokuwa nasoma, alikuja akaweka kifuniko kimoja cha chupa juu ya msahafu wangu, akaondoka. Mke wangu alitaka kukiondoa. Nikamwambia akiache.

Na yule mtu mzima anayevuka barabara, nakuomba ukimwona usimcheke. Mimi nimehamisha kiti changu kutoka mlango wa chuo, ili apate kupita.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyowafanyia wadogo tukidhani tunawafundisha. Wape wazazi wao nguvu, na uzilainishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Tafadhali usiitupe karatasi hii chini, ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukiisha kuisoma, mpe jirani.