Lenzi, Ukungu na Haki ya Kuonekana

Wapigapicha wanapolinganisha lenzi, mizani yao huwa na vitanga viwili. Katika kitanga cha kwanza huwekwa ukali: je, kope za anayepigwa picha zinahesabika moja moja? Katika cha pili huwekwa ukungu: je, vilivyo nyuma yake vimeyeyuka kwa ulaini, au vimebaki vipandevipande vinavyosumbua jicho? Mjadala huu hudhaniwa kuwa wa mafundi na wanunuzi. Hata hivyo, ndani yake limo swali ambalo fundi hawezi kulijibu kwa kupima kioo: anayeamua kipi kionekane na kipi kififie ana wajibu gani kwa kile kilichofifia?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Lenzi inalo. Ndani yake mna tundu linalopanuliwa na kufinywa kwa vibamba vyembamba, na kila badiliko la tundu hilo hubadili mgawanyo wa uwazi katika picha. Lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa hadi f/1.4, kipenyo cha tundu huwa takriban milimita 61. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, mtu aliyesimama umbali wa mita 2 atapata kina cha ukali cha sentimita 5 hivi: jicho liko wazi, sikio limeshaanza kufifia, na mtaa mzima ulio nyuma yake umegeuka madoa ya rangi. Tundu likifinywa hadi f/16, kipenyo hubaki milimita 5 na kina hicho hukaribia nusu mita. Mtu ni yule yule na mahali ni pale pale, lakini kilichoshuhudiwa si kimoja.

Wako waliouona ukungu kuwa namna ya kukwepa ukweli. Mwaka 1932, Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao wa California walionyesha kazi zao katika jumba la makumbusho la de Young, mjini San Francisco, kwa jina la Kundi la f/64. Namba hiyo ni ya tundu dogo mno la kamera zao kubwa, tundu linaloliwezesha jiwe la karibu na mlima wa mbali vionekane wazi kwa pamoja. Waliwapinga wapigapicha waliolainisha kazi zao ili zifanane na michoro. Kwa mtazamo huo, picha aminifu haina budi kukiri kila kilichokuwapo mbele yake.

Miongo kadhaa kabla yao, Julia Margaret Cameron wa Uingereza alikuwa amekwisha kushika njia nyingine. Alipata kamera yake ya kwanza mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48, na nyuso alizozipiga zilikuwa na ulaini uliowafanya baadhi ya wahakiki wa zama zake waseme hajui kazi. Mwaka 1864 alimwandikia mwanasayansi John Herschel, akihoji ni nani mwenye mamlaka ya kuamua ukali upi ndio halali. Swali lake lina uzito hadi leo. Anayemtazama ampendaye hauoni ukuta ulio nyuma yake. Ukungu, basi, waweza kuwa namna ya kukiri: picha haijidai kuona yote, inaonyesha wazi mahali ilipouelekeza moyo.

Fizikia yenyewe haimpi ushindi yeyote kati yao. Lenzi hutoa ukali kamili katika umbali mmoja tu. Mbele na nyuma ya umbali huo kuna ufifiaji ambao jicho halijaugundua bado. Tena tundu likifinywa kupita kiasi, mwanga hujipinda kwenye kingo zake na kutawanyika, hata picha nzima ikapoteza ukali. Tundu la f/64 liliwafaa wasanii wale kwa kuwa hasi zao zilikuwa kubwa. Katika kamera ndogo lingefifisha kila kitu. Kwa hiyo kuchagua hakuepukiki. Hoja iliyobaki ni kama kuchagua kwa lazima kunamwondolea mtu lawama ya alichokichagua.

Picha maarufu ya Dorothea Lange inasaidia kulijibu hilo. Mwezi Machi 1936, katika kambi ya wavunaji njegere huko Nipomo, California, Lange alimpiga picha kadhaa mama mmoja na watoto wake. Katika picha za mwanzo hema linaonekana, pamoja na vitu vichache vya familia. Katika ile iliyokuja kujulikana dunia nzima, Lange amesogea karibu: uso wa mama uko wazi hadi mikunjo ya paji, watoto wawili wamegeuza visogo, na hema limekuwa kitambaa kisicho na umbo. Baadaye hata kidole gumba kilichoonekana kwenye ukingo wa picha kilifutwa katika hasi. Serikali ilipeleka chakula kambini, lakini familia ile ilikuwa imekwisha kuondoka. Lange hakuwa amemwuliza mama huyo jina. Umma ulikuja kumjua mwaka 1978: Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee, aliyelalamika kwamba picha ile haikumpa hata senti.

Hapa ukali na ukungu vinabadilishana nafasi. Mwanamke aliyeonekana kuliko wote katika Marekani ya zama zile ndiye aliyefichika kuliko wote. Uso wake ulipatikana. Jina, ukoo na safari yake viliachwa nje pamoja na hema. Haitoshi kusema kwamba picha ilisaidia wengi, ingawa ni kweli. Msaada wa wengi haulipi deni la mmoja, na deni lenyewe halikuwa kubwa: lilikuwa swali moja la jina.

Yawezekana kupinga kwamba hakuna mpigapicha anayeweza kuuliza majina ya wote waliosimama nyuma. Ni sahihi, wala maadili hayadai lisilowezekana. Yanachodai ni kwamba anayefifisha ajue amefifisha nini, na kile ambacho kioo hakikuweza kukibeba akibebe kwa maneno chini ya picha. Leo simu ya mkononi hutengeneza ukungu kwa hesabu zake, bila mwenye simu kugusa tundu lolote, na hivyo uamuzi unapita bila kuhisiwa. Mama anayeuza mboga nyuma ya bibi harusi hugeuka doa la kijani kabla ya mtu yeyote kuamua kwamba hahitajiki.

Lenzi bora kati ya mbili inaweza kupatikana kwa kipimo. Yule mama wa mboga hayumo katika kipimo hicho, na ni juu ya aliyeishika kamera kugeuka na kumtazama kabla ya kubonyeza.