Utepe unapima mkono, haupimi mtoto mzima



Wengi wetu tunaukumbuka ule utepe. Tulipovuka mpaka kutoka Kongo, tumechoka, mhudumu wa afya aliuzungusha kwenye mkono wa kila mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kutoka hapo mpaka 12.5 ni njano. Zaidi ya hapo ni kijani, na mama hushusha pumzi.

Mama mmoja wa kwetu alishusha pumzi hivyo. Mtoto wake alipata kijani, mashavu yamejaa, na sisi majirani tulimsifu kwamba anamlisha vizuri. Bibi mmoja ndiye aliyeuliza kwa nini mtoto hacheki tena. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, akahesabu hadi tatu, akaachia. Shimo likabaki. Mguu wa pili vilevile. Ilikuwa bwaki, ugonjwa ambao madaktari huuita kwashiorkor. Ule unene ulikuwa maji.

Mtoto alipelekwa hospitali, akapona. Lakini swali limebaki kwetu: kwa nini tuliamini rangi ya utepe kuliko mtoto mwenyewe?

Tusiulaumu utepe. Umeokoa watoto wengi, kwa kuwa hauhitaji mizani wala umeme. Tena wahudumu wanafundishwa kutazama na miguu: yote miwili ikivimba namna ile, mtoto huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali hata kama mkono ni kijani. Hapa Kampala, kitengo cha Mwanamugimu katika hospitali ya Mulago kimetibu watoto wa aina zote mbili, waliokonda na waliovimba, tangu miaka ya 1960. Kosa ni letu, tunapopata namba moja kisha tukaacha kutazama.

Sisi watu wazima nasi tunapimana, kwa macho. Uganda ilijifunza jambo hili kwa machozi. Katika miaka ya 1980, kule Rakai, watu waliuita ukimwi "Slim", kwa sababu uliwakondesha wagonjwa. Basi aliyekonda alinong'onwa, hata kama alikuwa na njaa tu. Aliyenenepa aliaminiwa, ingawa virusi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kumkondesha mtu. Wa kwanza alinyimwa heshima, wa pili alinyimwa onyo.

Je, leo tumeacha? Bado tunamwambia dada, "Umenenepa, Mungu amekubariki," wala hatumuulizi kama amepimwa sukari. Na ndugu mwembamba anayebeba matofali kutwa nzima hadhani kama presha inamhusu. Kweli, unene mwingi huongeza hatari ya magonjwa hayo, lakini wembamba si kinga.

Je, tuache kupima? Hasha. Kipimo kinatuonyesha wa kuangaliwa kwanza. Hakituruhusu kuwasahau waliobaki, wala kumhukumu mtu. Hata nabii Samweli, alipofika nyumbani kwa Yese, alimwona Eliabu na kimo chake akadhani amempata mfalme, kumbe mfalme alikuwa machungani na kondoo. Kama nabii alikosea kwa kutazama umbo, sisi ni nani?

Basi, wazazi, utepe ukiwa kijani mshukuruni Mungu, kisha mtazame miguu. Likibaki shimo, msingoje kesho, nendeni hospitali. Na sisi watu wazima, wanene kwa wembamba, tukifika kwenye zahanati tuombe kupimwa presha. Tukimwona jirani amebadilika mwili, tumtembelee na kumuuliza habari zake kabla hatujazisimulia kwa wengine.

Bwana awalinde nyote.