Gharama ya Uzee ni Juu ya Nani?

Ndugu mmoja katika jamaa wa darasa letu alituuliza: mzee akidhoofika, gharama yake ni juu ya mwanawe au juu ya mji? Tulimjibu kwa haraka kwamba ni juu ya mwanawe. Jawabu hilo ni sahihi, lakini halikutosha. Kwani mtoto aweza kumlisha babake na kumvika, bali hawezi peke yake kumjengea hospitali, wala kumfikishia maji, wala kumtengenezea njia asijikwae. Hayo ni kazi ya watu wote, na kazi hiyo yataka fedha. Basi fedha hizo zitoke kwa nani, na zitoke lini?

Na tuitazame Japani, ambako karibu watu 3 katika kila 10 wamefikilia miaka 65 au kuipita. Katika kisiwa cha Hokkaido mna mji uitwao Yubari, uliokuwa ukiishi kwa makaa ya mawe. Mwaka 1960 wakaaji wake walikaribia 117,000. Kisha migodi ikafungwa mmoja baada ya mmoja, wa mwisho mwaka 1990, na vijana wakahama. Wakubwa wa mji hawakukubali kwamba mji umepungua. Walikopa wakajenga viwanja vya starehe na mahoteli, wakitaraji wageni watarudisha neema. Na wageni wasipotosha, wakakopa huku ili walipe kule, hata deni likafika kiasi cha yeni bilioni 35. Mwaka 2007 mji ukawekwa rasmi katika hukumu ya muflisi.

Na nani aliyelipa? Kodi zilipanda. Hospitali ya vitanda 171 iligeuzwa zahanati ya vitanda 19. Shule za msingi ziliunganishwa ikabaki moja, na mwaka 2019 reli nayo ikafungwa. Waliobaki leo hawafiki 7,000, na zaidi ya nusu yao ni wazee. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2007 amekulia ndani ya deni ambalo hakuulizwa.

Huenda mtu akasema kuwa waliokopa walikusudia kheri. Twakubali, lakini nia njema haimpi mtu ruhusa ya kutumia mali ya asiyekuwapo. Wala hatusemi kila deni la mji ni dhulma. Daraja litakalopitwa miaka 50, ni haki wajao nao walichangie. Dhulma ni sisi kula na wao kulipa. Sayyidna Omar, ilipofunguliwa Iraki na askari wakataka wagawiwe ardhi ya Sawad, alikataa. Aliiacha mikononi mwa wenyeji kwa kharaji, kwa kuwa aliwafikiri watu ambao hawajazaliwa bado.

Japani hiyohiyo ina mfano ulio bora kuliko wa Yubari. Tangu mwaka 2000 kila mkaazi aliyetimiza miaka 40 hutoa mchango wa bima ya kuwatunza wazee. Nusu ya gharama hutoka katika michango, nusu katika kodi, na mwenye kutunzwa hulipa sehemu ya kumi au zaidi. Mchango wa wazee wenyewe umepanda zaidi ya maradufu tangu hapo, na manung'uniko hayakosi. Lakini kila mmoja aanza kutoa angali ana nguvu, na aona anachotoa. Sisi tunaoandika haya tumekwisha kuupita umri huo wa 40, na tukihesabu tulichoweka kwa uzee wetu twaona haya kukitaja.

Hapa Kenya wazee ni wachache bado, na tangu mwaka 2018 Serikali huwapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini vijana wanaojaa barazani leo watazeeka pamoja, na wakati wa kuwawekea ni huu.

Yule ndugu hakuridhika. Akauliza: na waliokwisha kuzeeka pasina akiba, wafanywe nini? Hilo ni zito. Kule Yubari mji uliamua kuwakusanya watu katika nyumba zilizo karibu karibu, ili kuwahudumia kusigharimu sana. Kumtoa mzee katika nyumba aliyozikia wazee wake ni uchungu. Kumwacha mbali na maji na tabibu ni uchungu zaidi. Tulimwambia kwamba sisi tungemhamisha, lakini baada ya kwenda kuketi naye na kumuuliza, si kwa kumpelekea barua.