Kusikia, Kusikiliza, Kusikilizana

Inapokaribia saa sita na robo mchana, milango ya ofisi za katikati ya Brussels hufunguka. Makarani, mawakili na watumishi wa Umoja wa Ulaya hutoka na mikate yao iliyofungwa kwa karatasi. Wengi huelekea mikahawani au bustanini. Wachache huingia kanisani, katika jumba la makumbusho au katika ukumbi wa chuo cha muziki, kwa kuwa jiji hilo lina desturi ya matamasha ya mchana; yale ya Midis-Minimes, ya miezi ya Julai na Agosti, yalianza katika miaka ya 1980. Mara nyingine jukwaani huwapo wanne wa muziki wa jazz: mpiga piano, mpiga besi, mpiga ngoma na mpuliza saksafoni, ala iliyobuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji mzaliwa wa Dinant, aliyeipatia hataza mjini Paris mwaka 1846. Hupiga kwa muda usiofika saa moja. Kisha watu hupiga makofi, hukung'uta chembe za mkate magotini na kurudi kazini.

Je, katika muda huo yule aliyeketi amefanya nini? Jibu jepesi ni kwamba amepumzika, na mapumziko hayahitaji hoja. Wahenga walisema sikio halilali na njaa: kila siku hupata cha kusikia, litake lisitake. Lakini sikio likishashiba, mwenye sikio anadaiwa nini? Swali hilo laonekana dogo kwa ukumbi wa mchana. Katika jiji la Brussels, kwa yeyote anayeikumbuka historia ya Kongo, si dogo hata kidogo.

Kiswahili kinalo neno la kuanzia. Kusikia ni jambo linalompata mtu. Kusikiliza ni jambo analolitenda. Kusikilizana ni jambo ambalo mtu hawezi kulitenda akiwa peke yake. Tena kauli hiyo ya mwisho imebeba zaidi ya viambishi vyake. Waliosikilizana ni watu waliopatana: muuzaji na mnunuzi husikilizana bei, na wanandoa waliogombana husuluhishwa hadi wakasikilizana. Lugha ingaliweza kuyaweka mapatano mdomoni, mahali maneno yanapotoka, imeyaweka sikioni. Hata hivyo lugha hiyo hiyo inaonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapo kusikia ni kutii. Sauti inashuka kutoka juu, na wajibu wote uko kwa aliye chini. Kusikilizana kunadai jambo ambalo methali hiyo hailitaji: kwamba mkuu naye awe na masikio.

Wanne wa jukwaani huonyesha jinsi hilo linavyowezekana. Hawana mtu wa kuwapungia fimbo. Wanachokubaliana mwanzoni ni kichache: wimbo gani, kwa mwendo gani, na umbo lake, mara nyingi la vipimo 32, litakalozungushwa tena na tena. Ndani ya umbo hilo kila mmoja hupewa zamu ya kusema lake, nao waliobaki humsindikiza. Msindikizaji mwema hutembea kwa hatua za mgeni. Hamtangulii, wala hageuki kurudi nyumbani kabla ya njia panda. Mpiga besi aliyechoka kusikiliza hujulikana mara moja, maana noti zake huendelea kuwa sahihi na hazimjibu mtu.

Mfano mmoja umesimuliwa mara nyingi na mpiga piano Herbie Hancock. Katika onyesho moja mjini Stuttgart, katika miaka ya 1960, alipiga noti zilizokosea kabisa wakati Miles Davis akiwa katikati ya zamu yake ya tarumbeta. Davis alinyamaza kidogo, kisha akapuliza noti zilizoifanya ile ya Hancock ionekane kuwa ilikusudiwa. Hancock alieleza baadaye kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelihukumu kosa lake, ilhali Davis alilipokea kama jambo lililotokea, lenye kuhitaji jibu. Huo ni uadilifu wa aina ya pekee. Kosa halikufichwa wala halikusamehewa kwa maneno. Lilipewa mahali pa kukaa.

Wapo wasioridhika na sifa hizi. Mwaka 1936 mwanafalsafa Mjerumani Theodor Adorno, akitumia jina la bandia, aliandika insha iliyodai kuwa uhuru wa jazz ni pambo tu: juu panachezwa uasi, chini pigo ni lile lile, halitikisiki. Kuhusu muziki wenyewe Adorno hakuujua vya kutosha, na wengi wamemkosoa kwa hilo. Lakini pingamizi lake lina makali likielekezwa kwa msikilizaji. Ukumbi wa mchana humpa karani picha ya usawa kwa dakika chache, kisha humrudisha kwenye ofisi isiyo na usawa akiwa ametulia zaidi kuliko alivyotoka. Ikiwa ndivyo, basi muziki umekuwa dawa ya usingizi, na kadiri wanamuziki wanavyosikilizana vizuri ndivyo dawa inavyokolea.

Pingamizi hilo haliwezi kupimwa kwa hoja tupu. Brussels yenyewe imeshalipima.

Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji kwa amri ya Mfalme Leopold wa Pili, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho huko Tervuren, nje kidogo ya jiji. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako huko hadi leo. Mwaka 1958, katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Heysel, kijiji cha Wakongo kilijengwa tena, kikazungushiwa ua wa mianzi. Watazamaji waliwarushia ndizi na karanga, hadi baadhi ya Wakongo wakakataa udhalilishaji huo na kurudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Kwa zaidi ya nusu karne Mkongo aliletwa Ubelgiji ili atazamwe. Mtazamaji hakuhitaji kujua anasema nini, na ua ulikuwapo ili asiulizwe.

Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Januari 1960, wajumbe wa Kongo waliketi Brussels katika Mkutano wa Meza ya Duara. Walikuja wakiwa vyama vingi vyenye uhasama, lakini walipofika waliunda umoja mbele ya wenyeji wao, jambo ambalo Wabelgiji hawakulitarajia. Lumumba alitolewa gerezani, akafika tarehe 26. Siku iliyofuata tarehe ya uhuru ilikubaliwa: 30 Juni. Pamoja na wajumbe walikuwapo wanamuziki wa African Jazz, bendi ya Joseph Kabasele kutoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Katika kundi hilo la safari walikuwamo pia Vicky Longomba na Brazzos kutoka OK Jazz, bendi iliyokuwa mpinzani wao nyumbani. Jina la jazz hapo halikumaanisha muziki wa New York. Lilimaanisha muziki wa dansi wa mjini, wenye magitaa na mapigo ya Kuba, kama lilivyomaanisha kwa Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na bendi nyingi za Afrika Mashariki. Wapinzani hao walisimama pamoja katika Hoteli ya Plaza, na wimbo wao wa Kilingala, "Indépendance Cha Cha", uliwataja viongozi na vyama vya Meza ya Duara katika orodha moja, mmoja baada ya mwingine, juu ya pigo moja. Kwa mara hiyo Mkongo katika jiji la Brussels alikuwa sauti. Wimbo ulivuka mipaka ya Kongo, ukaimbwa katika nchi nyingi zilizokuwa zikingoja zamu yao.

Kilichofuata kinajulikana. Masuala ya uchumi yaliahirishwa hadi mkutano mwingine, uliofanyika Brussels mwezi Aprili na Mei. Viongozi wakuu wengi hawakuhudhuria kwa kuwa walikuwa kwenye kampeni za uchaguzi. Hivyo bendera ilijadiliwa na wenye nchi, na migodi ikajadiliwa wengi wao wakiwa hawapo. Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa huko huko Katanga. Majina yaliyopangwa vizuri katika wimbo yaliwindana katika maisha.

Basi, je, wimbo ulidanganya? Anayesema ndiyo ana ushahidi wa kutosha. Lakini anachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kinayatofautisha: kusikilizana na kukubaliana. Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu alitetea siasa ya maafikiano kwa kueleza kwamba watu wanaweza kuafikiana juu ya la kufanya pasipo kuwa na imani moja. Kinachohitajika ni mazungumzo ambamo kila upande una uzito. Wanne wa jazz hawakubaliani kila wakati. Mpiga piano huweza kuweka noti inayouma chini ya saksafoni, na mpiga ngoma huweza kuvuruga pigo kwa makusudi. Kinachowaweka pamoja ni kwamba hakuna anayeweza kusema bila kujibiwa, wala anayeweza kuondoka na ala ya mwenzake.

Kwa kipimo hicho, wimbo wa 1960 haukutoa ahadi ya uongo. Ulitaja sharti. Ulionyesha majina yote yakipewa zamu katika umbo linalojulikana na wote, na Meza ya Duara haikulifikia umbo hilo, kwa sababu wenyeji walikuwa wameshika ala nyingine chini ya meza. Walisikia neno uhuru, wakaliandika, wakalitia tarehe. Lakini anayesikiliza kwa kweli hukubali kwamba anachosikia kinaweza kumbadilisha, na mgodi haukuwa tayari kubadilishwa. Kosa la Brussels halikuwa uziwi. Lilikuwa kusikia kulikotengwa na kujibu.

Hapo mzigo unahamia kwa hadhira, na mwambao wa Waswahili una la kufundisha. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na maneno huinuka kwenye kiti chake, hupita mbele ya watu wote na kumtuza mwimbaji. Noti ile ya fedha ni malipo, na tena ni tamko. Kila aliyeketi huona ni neno gani lililomwinua, na huenda akajua linamhusu nani mtaani. Aliyetuza amejifunua, kesho anaweza kuulizwa. Kwa hiyo methali isemayo mcheza kwao hutunzwa haizungumzii ukarimu wa jamaa peke yake. Kwao ni mahali ambapo wasikilizaji wanalielewa neno kiasi cha kuweza kuhatarisha kitu kwa ajili yake. Mwanamuziki aliye ughaibuni hukosa kitu hicho hata pale makofi yanapokuwa mengi na kofia inaporudi imejaa.

Ukumbi wa Brussels hauna haja ya kuiga taarabu. Unahitaji tu kukumbuka kwamba makofi ni mwanzo wa jibu. Tarehe 20 Juni 2022, katika jiji hilo hilo, familia ya Lumumba ilikabidhiwa jino moja, sehemu pekee iliyosalia ya mwili wake, baada ya miaka 61. Tume ya bunge la Ubelgiji ilikuwa imeshakiri mwaka 2001 kwamba baadhi ya mawaziri wa wakati ule walikuwa na dhamana ya kimaadili, na serikali iliomba radhi mwaka 2002. Majibu yalikuja, lakini yalikuja baada ya mdomo kubaki jino. Yeyote anayeona kwamba tofauti kati ya kusikia na kusikiliza ni ya wanasarufi anaweza kuihesabu kwa miaka hiyo.

Pingamizi la Adorno, basi, linabaki na nusu ya ukweli. Muziki hauwezi kumlazimisha mtu asilale. Unachoweza ni kumwonyesha, kwa dakika chache, jambo ambalo hawezi tena kusema haliwezekani: watu wanne wasio na bwana, kila mmoja akisema lake, kila mmoja akiwa amebadilika kwa sababu ya wenzake. Akishaliona, udhuru wake umepungua. Hilo si dogo, na halimstareheshi mtu anapotafuna mkate.

Saa nane mchana ofisi huwa zimefunguliwa tena. Jirani na Matonge, mtaa wa Waafrika katika manispaa ya Ixelles, uwanja mdogo umepewa jina la Patrice Lumumba tangu mwaka 2018, na watu hupita hapo wakielekea kwenye foleni zao. Huenda mmoja wao ni mama kutoka Bukavu au Goma, aliye na bahasha mkononi, ambaye Kifaransa chake hutoka polepole kwa kuwa kwanza hupita katika Kiswahili. Anaketi mbele ya meza. Karani wa upande wa pili ametoka tamashani, bado kuna wimbo kichwani mwake. Mama anaanza kueleza, anakosea neno, anarudi nyuma, anatafuta jingine. Karani ana faili nyingine kumi zinazomngoja, na anaweza kumkatiza. Anaweza pia kutembea kwa hatua za mgeni hadi njia panda.