Kinamasi Shambani: Ni Mali ya Nani?

Mjini Goma mama akimwaga ndoo ya maji nje ya nyumba, maji hayakai. Mji umejengwa juu ya mawe ya mlima wa moto Nyiragongo, nayo mawe hayo yana matundu mengi. Mvua hata iwe kubwa namna gani huzama mara, wala hakuna mto upitao katikati ya mji. Mtu aliyezoea nchi ya namna hiyo humwonea wivu mkulima wa milima ya Masisi au ya Lubero, ambaye bonde lake ni bichi mwaka mzima. Lakini mkulima mwenyewe aghalabu hulichukia bonde hilo. Ng'ombe huzama humo hata tumboni, mahindi hugeuka manjano, na maharagwe huoza mizizi. Basi hulihesabu kuwa hasara.

Udongo wa kinamasi ni nini? Ni majani, mafunjo na matete yaliyokufa ndani ya maji. Hewa haiyafikii, kwa hiyo hayaozi kabisa, bali hulundikana polepole sana, pengine unene wa milimita moja tu kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, udongo wenye kina cha meta mbili ni kazi ya miaka elfu mbili. Ni mweusi, hushika maji kama pamba, na kuyaachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ukikauka huwa mwepesi, hudidimia, na hushika moto. Nao moto huo hutambaa chini kwa chini, mtu asiuone.

Na iwe hivi: mtu ana watoto sita, mteremko wake umechoka, na chini yake pana kinamasi. Akichimba mfereji mmoja mrefu katikati, maji yatatoka, naye atapanda viazi na kabichi, na watu wa Goma watanunua. Je, anakosa?

Neno hili lisijibiwe upesi. Aliyeshiba hulijibu upesi mno.

Shamba ni lake, hapana shaka. Lakini maji si kama udongo. Yamefika kwake kutoka kwa wa juu, nayo yanakwenda kwa wa chini; kwake yanapita tu. Akiyaharakisha, wa chini watapata mafuriko wakati wa masika, na wakati wa kiangazi kisima chao kitakauka. Mtu aliyekabidhiwa mzigo wa njiani, hata ukilala usiku mmoja nyumbani mwake, haupati kuwa wake.

Atasema: Mfereji wangu mmoja utadhuru nini? Jirani wote wamekwisha kuchimba. Hapo ndipo penye ugumu. Upande wa pili wa mpaka, kaskazini mwa Rwanda, liko bonde la Rugezi, kinamasi kikubwa ambacho maji yake huingia katika ziwa Burera, na kutoka humo hushuka kuendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walilima humo, wakachimba mifereji, kila mmoja wa kwake. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kulipunguza ziwa. Lakini ziwa lilishuka. Mvua nayo ilikuwa haba, na mitambo haikutunzwa vema. Mwaka 2004 umeme ukapungua sana nchini. Serikali ikakataza kulima ndani ya kinamasi, na mwaka 2005 Rugezi ikaandikishwa katika orodha ya Mapatano ya Ramsar. Baadaye maji yakarudi.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kama habari njema, na kweli ni njema. Walakini wako walioondolewa katika vipande vyao vya viazi ili taa ziwake mahali pengine. Nani aliwalipa? Swali hilo nalo ni la haki, kama lile la maji.

Basi mtu wetu afanye nini? Si lazima akiache kinamasi bure. Ukingoni aweza kuinua matuta, akapanda majimbi na mboga, maji yakibaki kati ya tuta na tuta. Mahali penye udongo wa mfinyanzi aweza kuchimba bwawa la samaki. Mafunjo hukatwa kwa zamu, sehemu moja baada ya nyingine, yakatoa mikeka na mapaa ya vibanda. Nyasi hukatwa na kupelekewa ng'ombe zizini, badala ya ng'ombe kukanyaga humo. Katikati, penye kina, pasiguswe. Hata hivyo ukweli usifichwe: matumizi hayo huleta fedha kidogo kuliko viazi vya mwaka wa kwanza. Ndiyo, viazi navyo hupungua, kwa maana udongo uliokaushwa hudidimia, na pengine huwa mchachu hata usifae; lakini mwenye njaa huhesabu mwaka huu.

Kwa sababu hiyo wajibu si wake peke yake. Wa chini wanaotaka kisima chao kisikauke, na waje na majembe siku ya kuchimba bwawa. Na mwenye mteremko mpana amwazime kipande cha kupanda viazi. Kabla ya mfereji kuchimbwa, yeye awaite waketi pamoja, awaonyeshe watoto wake na bonde lake. Wakija mikono mitupu, wakamwambia tu kwamba asichimbe, watakuwa wamemwomba awalishe maji kwa njaa ya nyumba yake.