Ni Kwetu Tu ama ni Kila Mahali?

Juzi stima ilipotea mtaani saa mbili usiku. Jirani akatoka kwenye ngazi na tochi ya simu, akauliza swali letu la kila siku: “Ni kwetu tu ama ni kila mahali?” Tukachungulia dirishani. Giza likiwa la wote, roho hutulia.

Swali hilo hatuliulizi stima ikiwepo. Tukibishana kuhusu makaa ya mawe, upepo au nyuklia, tunahesabu megawati, bei na moshi. Hesabu za maana kabisa. Lakini mtambo lazima ukae mahali, na mahali pana wenyewe.

Makaa ya mawe ni rahisi kuyakataa. Mradi wa Lamu, wa megawati 1,050, ulifutiwa leseni mwaka 2019 na jopo linaloamua kesi za mazingira, kwa sababu mojawapo kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tusijipongeze mapema, lakini. Upepo hauna moshi, ilhali mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi yenye mitambo 365 ya upepo, kule Marsabit, zilipatikana bila kufuata sheria. Mvuke wa Olkaria haungoji mvua, ila mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kuupisha. Nishati safi, sawa. Safi kwa nani?

Nyuklia nayo ina sifa zake: umeme mwingi kutoka kipande kidogo cha ardhi, usiku na mchana. Watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kuupinga mtambo uliopangwa kwao. Ni rahisi kuwaita waoga ukiwa Nairobi. Taka zake hubaki hatari kwa maelfu ya miaka. Utamuombaje ruhusa mtu ambaye hata nyanya yake hajazaliwa?

Utaniambia: buda, tukingoja kila mtu akubali, hatutajenga kitu. Kweli. Na giza pia lina wahanga wake: mama anayejifungulia kwenye mwanga wa tochi, mtoto anayesoma huku akivuta moshi wa koroboi. Kukataa kila kitu ni kumtwika mtu mwingine mzigo, sema tu humwoni.

Kwa hivyo sidai mradi usio na maumivu. Nadai watu waulizwe kabla ramani haijachorwa, na jibu lao liweze kuibadilisha. Nadai nyaya zisipite juu ya mapaa yao zikija kwetu kabla hazijateremka kwao. Na haki hiyo ikipandisha bei ya tokeni? Nitalipa. Nitanung'unika, lakini nitalipa.

Stima ilirudi baada ya dakika 40. Mtaa mzima ukashangilia, jirani akarudi ndani. Mimi nikabaki na swali lake, safari hii kuhusu gharama ya ile taa iliyowaka: ni kwao tu, ama ni kila mahali?